Jiwe la Nyuma ya Tairi

Fundi Shebughe aliweka vifaa viwili mezani: ekzosi pana na turbo ndogo.

"Dada, chukua ekzosi. Gari likinguruma, mtaa mzima utasikia."

"Kipi kitanipandisha mlima na magunia manane ya unga?" aliuliza Mwanakheri.

"Turbo. Lakini gari zito hivi, la kazi za kila siku, ya nini kulihangaisha? Punguza magunia. Au wale wanaume wa mlimani watakusukuma, kama kawaida."

Kama kawaida! Kila asubuhi gari lilimzimikia palepale mlimani. Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akangoja wanaume wamalize kucheka ndipo wasukume. Kisha akawashukuru, mmoja mmoja.

"Funga turbo," alisema. "Nimechoka kushukuru."

Jioni, alipokabidhiwa ufunguo, alilitoa jiwe lake garini akalitua juu ya meza ya fundi.

"Dada, utapandaje bila jiwe?"

Mwanakheri aliwasha gari akaondoka.

Kesho yake magunia yalikuwa tisa. Wanaume walipoliona gari likija, waliinuka ukutani wakikunja mikono ya mashati. Mwanakheri alipandisha vioo, akaingiza gia ya kwanza.