Kopo Lililorudi Tupu

Kopo la chakula lilirudi tupu tena, limefutwa mpaka linang'aa, na binti aliyelibeba alizidi kukonda.

Mama wa kambo alilishika akataka kulia. Alikuwa ameamka kabla ya wote, akachemsha mayai, akaponda viazi vitamu, akakata papai vipande vidogovidogo. Soda na biskuti alishazipiga marufuku. Na bado shingo ya mtoto ilikuwa nyembamba kama mpini wa mwiko.

"Umekula yote?"

"Yote, mama mdogo. Kesho niwekee parachichi. Karoti usiweke, ni ngumu."

Ngumu! Mtoto wa darasa la pili, mwenye meno ya kutafuna mawe! Lakini angeponda chochote, ilimradi anenepe. Hata chakula cha jioni mtoto alikidonoa tu, kisha akaomba kilichobaki afungiwe cha shule.

Majirani walishaanza. "Anamnyima chakula huyo," walinong'onezana bombani, kwa sauti ya kuhakikisha anasikia. Mumewe, fundi wa magari, hakunong'ona.

"Mwanangu akizidi kukonda namhamishia kwa dada yangu. Na wewe unarudi kwenu."

"Basi niende nikaongee na mwalimu wake."

"Shuleni usitie mguu! Mtoto anajua njia."

Asubuhi, mtoto alipoondoka, mama wa kambo alipangusa picha ya marehemu mama wa mtoto ukutani kama kawaida yake. Mwanamke mzuri, doa jeusi chini ya jicho la kushoto, anacheka meno yote nje. Kaburi lake hakuwahi kulizuru. Mumewe alisema ni mbali mno.

"Nisaidie, dada," aliiambia picha, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Mwanao ananifia mikononi. Na mimi nampenda, Mungu anajua."

Picha iliendelea kucheka. Akatupa kitambaa, akajifunga khanga, akatoka. Liwalo na liwe.

Alijibanza kwenye uchochoro nyuma ya shule, akachungulia kwenye upenyo wa ua wa mabati, hatua chache kutoka pale ulipotoboka. Kengele ya mapumziko ililia. Watoto wengine walikimbilia kivulini na makopo yao. Binti yake alikuja peke yake hadi kwenye tundu, akatazama huku na huku, akafungua kopo. Hakuonja hata kijiko. Alilipitisha nje.

Mikono miwili ililipokea. Mwanamke mwenye nguo zilizochakaa alikuwa amechuchumaa upande wa uchochoroni, amempa mgongo, na alikula kwa pupa.

Damu ilimchemka mama wa kambo. Kumbe ndiye! Ombaomba mmoja ndiye anayemmaliza mtoto, ndiye anayetaka kumvunjia ndoa! Alimwendea mbio, mkono tayari kulinyakua kopo.

"Mama," sauti ya binti ilisema kutoka ndani ya ua.

Alisimama ghafla. Tangu aolewe alikuwa akilingojea neno hilo.

"Mama, kula polepole. Leo mama mdogo ameponda vizuri, hutaumia."

Mwanamke alisikia hatua nyuma yake, akageuka kwa hofu, akajikinga uso kwa kopo. Alipolishusha taratibu, kinywani hakuwa na jino hata moja la mbele. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na doa jeusi.