Risasi za Sungura

Risasi ya kwanza ilimpata mlinzi shavuni, naye akajikuna.

"Amejikuna!" Benny aliangua kicheko. "Dada, umempiga mtu risasi, mwenzio kadhani ni mbu."

"Shh," alisema Darlene, akafyatua ya pili. Ya tatu ndiyo iliyomlaza mlinzi.

Walikuwa watatu, kila mtu kwake, mbele ya kompyuta yake, hedifoni masikioni. Wade, dereva mstaafu wa malori, alikuwa Winnemucca, Nevada. Benny alikuwa muuza matairi kule Fresno, California. Darlene, mke wa mchimba dhahabu, aliishi nje kidogo ya Elko, Nevada pia. Mchezo wenyewe ulikuwa wa dunia iliyoungua: Nevada ile ile ya Wade na Darlene, ila baada ya mabomu, miji imekuwa majivu na watu wanauana kwa kopo la maharage. Na uwanja waliouchagua ulikuwa ule wa watu wenye roho ngumu, ambako ukifa umekufa. Silaha, maskani, jina, vyote ulivyovisotea miaka miwili vinakwenda na maji.

Siku hiyo walikuwa chini ya kasino iliyobomoka, wakimwendea Kanali, adui mkuu wa mchezo huo. Kila aliyemwendea kabla yao aliishia humo humo.

Wade na Benny walibeba bunduki za watu wazima. Darlene alibeba bastola ya ishirini na mbili, ambayo risasi zake hazizidi mbegu ya alizeti. Katika mchezo ule hizo hupewa mgeni siku ya kwanza apigie panya, halafu azitupe akipata za maana. Darlene hakuzitupa.

"Hazina kelele," ndilo lilikuwa jibu lake. "Halafu ndizo alizonifundishia baba, kwa makopo na sungura."

Kelele alizijua. Mumewe, Royce, alifanya zamu ya usiku mgodini na mchana alilala, madirisha yamebandikwa foili ya kuzuia mwanga kama kwa watu wote wa zamu. Darlene alicheza mchana huo huo, kwa hiyo alinong'ona. Tangu wajuane, Wade hakuwahi kuisikia sauti yake yenyewe. Nyuma ya mnong'ono ulisikika mkoromo wa Royce, na Benny alikuwa haachi kuutania.

"Trekta limewaka, jamani. Twendeni tukalime."

Mwezi uliopita Benny alimtania Darlene hadi kicheko kikamponyoka. Walisikia mlango ukigonga ukuta, kisha mawasiliano yakakatika. Aliporudi, baada ya wiki mbili, alisema alianguka kwenye ngazi. Wade alijua kwamba Darlene anaishi kwenye nyumba ya magurudumu, na ngazi zake ni vidato viwili vya mbao. Alijua, akanyamaza, na aibu ya kunyamaza ilikuwa bado haijamwisha.

"Benny," alisema leo kabla hawajaingia, "ukimchekesha, Kanali hatakuwahi. Nitakumaliza mimi."

Walipita ukumbi wa mashine za kamari, wakashuka kwenye ushoroba wenye maji ya kifundo. Darlene alitangulia.

"Mzee Wade," alinong'ona. "Nikuulize kitu."

"Uliza, mwanangu."

"Mtu mkubwa, mnene, amelala. Hajavaa fulana ya kuzuia risasi. Moja ya hizi zangu inatosha?"

"Ukimsogelea kabisa, inatosha. Aliyelala hana kinga."

"Na akiamka?"

"Akiamka, hesabu umekwisha. Hizo zako zitamtia hasira tu."

"Kanali havui fulana hata akioga," Benny alidakia. "Wewe unamsema nani?"

"Nauliza tu."

Wakafika mlangoni kwa Kanali. Kwa ndani zilisikika hatua za walinzi wake, wazito, wengi kuliko walivyotarajia. Wade alihesabu mabomu yake na hakupenda alichokiona.

"Nisubirini kidogo," Darlene alinong'ona. "Nakuja."

Kiti chake kililia. Kwenye skrini, mwanamke wake wa mchezo alibaki amesimama kando ya mlango, mikono imening'inia.

"Chooni, saa hizi?" Benny alilalamika. "Tutafia hapa kwa sababu ya kahawa!"

"Tulia wewe."

Wakasubiri. Ndipo mlio ukasikika: ta! Mkavu, mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Wote wawili waliujua.

"Dada, umefyatua!" Benny alifoka. "Kanali kashasikia!"

Wade alitazama skrini. Bastola ya Darlene ilikuwa kiunoni; mlio haukutoka mchezoni. Nyuma ya mlango walinzi walikuwa wanazunguka vile vile, hakuna aliyesimama kusikiliza. Wade akakandamiza hedifoni masikioni, akiutafuta mkoromo wa Royce, asiupate.

"Kaamka," alisema. "Mungu wangu, yule mtu kaamka."

"Dada!" Utani wote ulikuwa umemtoka Benny. "Dada, kama unanisikia, toka humo ndani. Kimbia!"

Wade alishika simu awaite polisi, akagundua kwamba hajui mtaa wa Darlene, hajui hata jina la ukoo wake. Miaka miwili amelindana mgongo na mwanamke huyu, na hana la kuwaambia polisi. Benny akaanza kulia waziwazi, mwanamume mzima.

Kiti kikalia. Mtu aliketi, akavuta pumzi ndefu karibu na kipaza sauti. Kisha ikaja sauti ya mwanamke wasiyowahi kuisikia, nzito, pana, iliyojaza masikio yao.

"Polisi nimeshawapigia, wako njiani. Haya, vunjeni mlango, tummalize na huyu kabla hawajafika."