Ubeti wa Tatu

Siku nne kabla ya Siku ya Ushindi, Afisa Sherehe alikuwa amepiga magoti chini ya kabati la nyaraka, akiokota makombo ya wimbo wa taifa.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa na matundu, lakini ulisomeka. Wa tatu ulikuwa umeliwa wote na mchwa, wakabakisha nukta ya mwisho.

"Basi wanaoujua ni mchwa," alisema mtunza nyaraka bila kuacha kunywa chai yake. "Waulize wao."

Afisa hakucheka. Juzi tu Rais alikuwa ametangaza redioni kwamba mwaka huu, katika kukumbuka jinsi taifa lilivyowatimua majirani wavamizi wa ng'ambo ya mto, wimbo utaimbwa wote, beti tatu, kwa kuwa vijana wamepungukiwa na uzalendo. Dakika tano baadaye Waziri alimpigia Afisa simu. Alimweleza kwa upole kabisa kwamba ubeti wa tatu usiposikika, ataanza kazi mpya katika kituo cha kupimia mvua, kule ambako mvua haijawahi kunyesha. Mke wa Afisa alikuwa na mimba ya miezi minane. Kule hakukuwa na zahanati, wala barabara ya kumfikisha kwenye zahanati ya watu wengine.

Akauliza wizara nzima. Ajabu ni kwamba kila mtu aliujua ubeti ule vizuri sana. Mkurugenzi aliujua, ila koo lilikuwa linamuuma. Katibu muhtasi aliujua, ila hawezi kuimba akiwa na njaa. Akishashiba, alikuwa hawezi kuimba akiwa ameshiba. Mkuu wa bendi alikuwa na tuni peke yake, ile iliyoletwa enzi za ukoloni na mpiga tarumbeta mmoja ambaye, inasemekana, aliigawa kila mahali alipolala. Mtandaoni palikuwa na beti mbili na tangazo la sabuni.

Siku ya pili Afisa aliingia kantini, akalaza kichwa mezani.

"Unaumwa, mwanangu?" aliuliza mpishi, mama wa makamo ambaye wizara nzima ilimwita Shangazi.

"Nahamishiwa jangwani, Shangazi. Kwa sababu ya ubeti wa tatu wa wimbo wa taifa."

"Huo tu?" Shangazi akafuta mikono kwenye aproni. "Mbona shuleni tuliuimba kila asubuhi? Ukikosea neno moja, unaambulia harufu ya uji tu."

Afisa alinyanyua kichwa. "Shule gani hiyo?"

"Ya bweni, kule kwa mjomba. Andika upesi, maharage yangu yanaungua."

Afisa akaandika nyuma ya kalenda. Ulikuwa ubeti mzito. Ulikuwa na damu, ulikuwa na mashujaa, na mwishoni ulikuwa na mlima mweupe unaowalinda wana wa nchi. Beti mbili za mwanzo zilionekana kama tangazo la sabuni mbele yake.

Mkuu wa bendi aliujaribu papo hapo. "Umeingia kwenye tuni kama mguu kwenye soksi," alisema.

Mkurugenzi aliusoma, akakunja uso. Nchi yao ni tambarare kama meza.

"Huu mlima uko wapi?"

"Lakini Mkurugenzi, si ulisema unaujua ubeti huu?"

"Naujua! Nakupima tu. Huo ni mlima wa moyoni."

Waziri alifumba macho. Akasema bibi yake alikuwa akimbembeleza kwa maneno hayo hayo, na kwamba huwezi kuyasikia ukabaki mtu yule yule. Hata askari mstaafu, mgeni wa heshima wa mwaka huo, alishtuka aliposomewa.

"Naukumbuka sana huo!" alisema mzee. Mkono wake ulianza kupapasa kiunoni. "Tulipokuwa mahandakini, kila alfajiri ulikuwa unatufikia. Mpaka leo nikiusikia, damu inanichemka."

"Huo ndio uzalendo, babu," alisema Afisa, akakimbia kwenda kuchapisha nakala elfu hamsini.

Siku ya Ushindi uwanja ulifurika. Wageni walipangwa jukwaani kwa heshima zao: mbele marais wastaafu, kisha majenerali, kisha wenye viwanda, kisha wake za wenye viwanda, na nyuma kabisa, penye nguzo, mabalozi, kuanzia wa nchi rafiki hadi wa nchi ambayo hualikwa kila mwaka ili izomewe kwa adabu.

Ubeti wa kwanza uliimbwa kwa nguvu. Ubeti wa pili uliimbwa puani. Kisha Shangazi, akiwa kwenye kipaza sauti na aproni yake ikiwa imefichwa ndani ya joho la kwaya, akaanza wa tatu.

Uwanja ulitetemeka. Watu elfu hamsini walipaza sauti. Rais alibana mkono kifuani mpaka nishani zikagongana. Mkurugenzi alilia upande ule ule ilikokuwa kamera. Walipofika kwenye mlima, kina mama walipiga vigelegele.

Waziri alimwinamia Afisa sikioni. "Umepanda cheo, kijana. Mwambie mkeo."

Afisa alichomoa kalamu mfukoni. Akageuka kulitazama jukwaa, ahesabu machozi kwa ajili ya ripoti. Wote walikuwa wameinamia karatasi, wakifuatisha maneno kwa kidole. Mmoja tu hakuwa na karatasi. Kando ya nguzo, balozi wa ng'ambo ya mto alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, machozi yakimtiririka hadi kwenye tai, akiimba ubeti wote bila kukosea neno.