Bango la Jiwe la Kusagia

"Bibi, ukisaga, unavuta pumzi wakati wa kusukuma jiwe au wakati wa kulirudisha?"

Bibi aliondoa mguu kwenye cherehani. "Kwani na hilo linaandikwa kwenye bango?"

"Mwalimu anataka kila kitu."

"Huyo mwalimu wenu ana lake jambo." Hata hivyo alifumba macho, akanyoosha mikono mbele, akasukuma jiwe lisilokuwepo. "Unaitoa wakati wa kusukuma. Ukirudisha, unavuta. Ukikosea, mgongo utakwambia."

Chiriku akaandika. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, kwa ajili ya domo lake lisilopoa. Alikuwa darasa la sita. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota hata jino, na tangu hapo walikuwa wawili tu katika chumba hiki chenye kitanda, cherehani na rundo la nguo za watu zinazosubiri vifungo.

Alivyoeleza Chiriku, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza bango kuhusu chombo cha zamani. Wenzake walichagua kinu, ungo, chungu. Yeye alichagua jiwe la kusagia, kwa sababu bibi yake ana sugu zake magotini mpaka leo.

Bibi alifurahi na kuumia kwa pamoja. Siku chache kabla ya hapo daktari alimkalisha, akafunga mlango kwanza, ndipo akasema. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Miezi mitatu, labda minne. Jioni hiyohiyo bibi alisimama nyuma ya nyumba akampigia simu binti yake, mama mdogo wa mtoto, kwa sauti ya chini. "Utakuja kumchukua. Ila usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

Lakini kila alipofungua mdomo, aliishia kuuliza habari za shule. Bango likawa kisingizio chake. Acha kwanza amalize, alijisemea. Alipeleke shule Ijumaa, apigiwe makofi, ndipo nimvunje moyo.

Siku hizo Chiriku alikuwa anarudi saa saba mchana. "Tumeruhusiwa mapema, tushughulikie mabango," alisema. Aliitandaza karatasi ya manila sakafuni na kumkalisha bibi kwenye mkeka. "Weka mikono hapa. Nataka nichore iliyoshika jiwe."

Penseli ilimtekenya bibi katikati ya vidole. "Usiniongezee makunyanzi, ninayo ya kunitosha."

Chiriku hakucheka. Alipofika mwisho wa mstari alianza upya, polepole, kidole kwa kidole.

Kesho yake walilikokota ndani jiwe lenyewe, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa nyuma ya nyumba likitumika kufulia nguo. Bibi alipiga magoti, akamwaga konzi ya mahindi, akalishika jiwe dogo la juu kwa mikono miwili. Lile la chini likaanza kunguruma. Alipofika mara ya kumi alisimama, kifua kikipanda na kushuka.

"Vumbi," alisema.

"Ndiyo, vumbi," Chiriku aliitikia haraka, akamletea maji. Kisha akapiga magoti mahali pale pale. "Nifundishe mimi."

Bibi alimfunika mikono kwa mikono yake. "Usilikabe. Wala usiwe na haraka. Unga ukiupikicha hivi, kwa dole gumba, usisikie punje. Umeona?"

"Bado. Nionyeshe tena."

Alionyeshwa tena. Na tena.

Ijumaa ilifika. Bibi alijipanga tangu asubuhi, neno kwa neno, atakavyoanza. Chiriku akarudi na bango lake kwapani. "Mwalimu kaahirisha mpaka wiki ijayo. Anasema bado halijajaa."

Wiki iliyofuata maswali yakazidi. "Siku ya kwanza babu alipokula unga wako, alisemaje?"

"Alisema una mchanga."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia huo wa kumsugua meno, maana yalikuwa yanahitaji." Bibi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Na siku niliyozaliwa ulikuwa unafanya nini?"

"Hilo nalo la jiwe, mke mwenzangu?"

"Mwalimu anataka yote, bibi." Aliandika ameinama kabisa, nywele zikigusa daftari.

Ijumaa ya pili, mwalimu akaahirisha tena. Kufikia ya tatu, bibi alikuwa hawezi kukanyaga cherehani zaidi ya robo saa. Akaona akiendelea kungoja, bango litamzidi mbio. Basi Jumatatu mtoto alipotoka, naye alivaa gauni lake la kutokea, akaenda shule kwa mguu, akipumzika mara mbili njiani.

Mwalimu wa darasa alimpa kiti.

"Sitakuchelewesha, mwalimu. Nimekuja kwa lile bango la jiwe la kusagia. Nakuomba umwache aliwasilishe wiki hii, hivyohivyo lilivyo. Nina jambo zito la kumwambia mtoto, na sitaki limkute kabla hajapigiwa makofi."

Mwalimu alikiweka chini kipande cha chaki.

"Bango gani, bibi? Sijawapa kazi yoyote ya bango." Akasita, kama mtu anayejua anavunja ahadi. "Alikuja kwangu analia, mwezi uliopita, akaomba niwe namruhusu aondoke mapema. Alisema bibi yake haponi. Akanishika mkono, akanisihi nisije nikakwambia kwamba anajua."