Pengo la Saba

Kanda za fundi Zefania zilikuwa hazipumui. Hivyo ndivyo watu wa Kibiti walivyozisifu. Wimbo mmoja ukiisha, wa pili umeshadakia, bila ule ukimya wa sekunde tatu nne unaowaacha wachezaji wakitazamana katikati ya shughuli. Madereva wa malori ya kusini walisimama pale kwa ajili yake tu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, redio za deki mbili zimejaa madukani, na kila mji una mtu wake wa kurekodi kanda. Lakini mkono wa Zefania, aliyehamia pale kutoka bara, ulikuwa wa peke yake.

Hawakujua kwamba haukuwa ufundi mtupu. Zefania aliogopa ukimya. Muziki ukikatika, hata kwa kitambo kidogo, alisikia maji yakigonga ubao, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Basi kibandani kwake muziki haukukatika. Betri mbili za gari zilikaa chini ya meza, moja ikichoka nyingine inashika zamu.

Asubuhi moja alifika mama mmoja aliyejitanda kanga, akaweka kanda kuukuu mezani.

"Naitwa Kudra, natoka deltani. Nataka nakala ya hii."

"Taarabu, mama?"

"Harusi. Aliirekodi marehemu mume wangu, Miraji. Alikuwa na mashine yake ya kurekodia, akialikwa shughuli hii na ile. Siku hiyo aliwaachia wenye harusi kanda yao, akaondoka kurudi nyumbani. Hakufika. Si yeye wala mashine. Mwaka wa sita huu. Bibi harusi ndiye aliyenipa kanda, juzijuzi tu."

"Pole sana, mama. Huko Mbwera mimi sijapata kufika, lakini nasikia maji yake si ya mchezo."

"Nimeshapoa, fundi." Kudra aliisogeza kanda mbele. "Sifa zako nimezisikia. Ila hii yangu usiiunganishe. Nyimbo ni nane, katikati yake mna mapengo saba. Humo ndimo anamosikika mwenyewe, mara anakohoa, mara anacheka na watu. Nyimbo zikikwaruza si kitu. Mapengo niachie yalivyo."

"Njoo saa nane."

Alipoondoka, Zefania alivaa hedifoni, akabonyeza.

Pengo la kwanza, Miraji alikohoa. La pili, alicheka na mtu aliyeangusha sinia. La tatu, aliwakemea watoto wasiguse waya. Kanda yenyewe ilikuwa imevutika kwa uzee, kwa hiyo sauti ilitoka nzito, ya kujivuta, kama ya mtu anayesema kutoka chini ya kitu. Na nyuma ya sauti hiyo, kila pengo, Zefania alisikia maji yakigonga ubao.

Alisimamisha kanda. Akafuta hedi inayosoma kanda kwa pamba na spiriti, akapuliza vumbi, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Sauti zote zilisafika. Maji yalikuwa palepale.

La nne likapita. La tano. La sita, Miraji aliomba maji ya kunywa, akaletewa, akashukuru. Shati la Zefania lilikuwa limemganda mgongoni.

Pengo la saba lilikuwa la sekunde nne. Zefania alilisikiliza mara moja tu. Kisha alivua hedifoni, akakaa ameshika magoti, akaitazama barabara bila kuona anayepita.

Alijiambia kwamba mjane yule amekwishateseka vya kutosha, na kwamba kuna sauti ambazo mtu hafai kukaa nazo nyumbani. Akashika kazi. Mapengo sita aliyanakili kwa uangalifu, hakupoteza hata kikohozi. Wimbo wa saba na wa nane akaziunganisha kwa mshono ambao hata yeye, akiutafuta, asingeuona. Halafu akaichukua kanda ya Kudra yenyewe, akaziba kitobo cha juu kwa selotepu ili ikubali kurekodiwa, akaitafuta ile sehemu, na kuifuta. Alipomaliza aliibandua selotepu.

Saa nane Kudra alirudi. Alikalia kigoda, akavaa hedifoni, akasikiliza nakala yake tangu mwanzo, macho ameyafumba, vidole vikihesabu juu ya paja. Kwenye kikohozi alitabasamu. Kwenye maji ya kunywa, machozi yalimtoka, asiyapanguse. Zefania alijitia kupanga makasha ya kanda ambayo yalikwisha pangwa.

"Umeitoa safi," Kudra alisema hatimaye. "Hata nyumbani hajapata kusikika hivi. Mapengo sita."

"Mwishoni hapo kanda ilikuwa imeliwa, mama. Hakuna kinachosikika, ni mikwaruzo mitupu. Nikaona nikuunganishie."

"Na hii yangu ya zamani?"

"Ndiyo hiyohiyo iliyoliwa. Hata ukiipiga hutasikia kitu."

Kudra alivua hedifoni, akaiweka mezani polepole, akafungua mkoba. Alitoa kanda moja, akatoa ya pili, akatoa ya tatu, akazipanga mbele ya fundi.

"Nakala hizi nilitoa Utete, Ikwiriri na Mkuranga," alisema. "Zote zina mapengo saba. Na kila fundi aliponirudishia aliniuliza swali lilelile: ni nani huyo mtu wa bara anayesema, 'Miraji, ukimaliza panda mtumbwi wangu, nakwenda Nyamisati'?"

Akamtazama usoni.

"Harusi ilikuwa Mbwera, fundi, nami sikukuambia. Na wewe peke yako hukuuliza."