Hewa kwa Mkono wa Kushoto

Makorora nzima sasa iko chini ya maji, na sokoni tunakwenda kwa kupiga mbizi. Sheria ya mtaa ni moja: kila mtungi uwe na mipira miwili ya kuvutia hewa, mmoja wako, wa pili wa jirani atakayeishiwa. Huo wa jirani hufungwa kulia.

Mimi ni mtu wa shoto. Fundi alipokataa kuuhamishia kushoto, nilishika spana mwenyewe. Mtaani hakuna anayenishinda kwa wepesi wa kuutoa.

"Kushoto, mwanangu?" mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, aliniuliza tukivaa mitungi. "Utampa mtu kitu kwa mkono huo?"

"Ni hewa, mama, si wali."

Alicheka. Nikadhani yameisha.

Jana, tukipita juu ya paa la shule ya zamani, aliniashiria kwamba hewa imemwishia. Kabla hajashusha mkono nilikuwa nimeshamnyooshea mpira. Sijawahi kuwa mwepesi vile.

Hakuupokea. Alinikazia macho nyuma ya kioo cha barakoa, kiganja cha kulia amekikunjua kwa adabu, akingoja nibadilishe mkono.