Bi Macho-Paka Haachii

Walikuwapo nyoka wawili katika msitu wa Uhindi, wakigombea mti mmoja. Bi Macho-Paka alizaliwa humo, ila sumu yake haba. Swila, mwenye sumu kali, alitaka kumhamisha. Wakakubaliana: atakayetangulia kumeza mjusi, mti ni wake.

"Bibi wee, sumu yako hiyo haileweshi hata mbu!" Swila akamcheka.

"Nicheke ukishashiba."

Swila akamgonga mjusi, akamwachia, akaanza kujisifu. Mjusi akatimka, akaenda kufia kwa siafu, wakamla wao.

Bi Macho-Paka akamng'ata wake, akawa anamtafuna-tafuna ili sumu imwingie. Akachapwa kwa mkia wa mjusi, akaparuzwa uso, hakuachia, mpaka mjusi akalegea, akammeza.

"Umebahatisha tu!"

"Sumu yangu ndogo, bwana, ndiyo maana nikishika siachii. Haya, shuka mtini mwangu."